Sahani Tatu Kutoka Detroit

Jumamosi, 5 Desemba 1970

Nimeshaoa! Yaani, bado kidogo. Leo nimenunua sahani tatu za santuri dukani kwa Marhoon, Matrah, hapa Omani. Zote za Motown, kampuni ile ile ya Supremes, wale kina dada watatu wanaovuma dunia nzima. Kibandiko cha buluu, ramani ya nchi yao, nyota nyekundu palipo Detroit. Marhoon aliniuliza kama nataka kuzisikiliza kwanza. Nikamwambia mie mtoto wa Shangani, Unguja, sahani naijua kwa kibandiko.

Mpango wenyewe ni huu. Namtaka Aliya. Mwenye kauli ya posa ni shangazi yake, Bi Masouda, mjane. Alhamisi anawaalika wanawake nyumbani kwake Sidab, wote watu wa Unguja kama sisi, na anataka muziki. Binamu yangu Aflah naye anamtaka Aliya. Ana sahani moja ya Supremes, anaitembeza mjini kama bi harusi. Yeye ana moja, mie nna tatu. Basi!

Jumapili, 6 Desemba

Balaa. Nimezisikiliza.

Ya kwanza, Chris Clark. Mwanamke wa Kizungu, nywele za dhahabu! Kwenye kampuni ya watu weusi! Anaimba vizuri, sikatai, lakini Maskati hii nani anamjua? Ya pili, Barbara McNair, bibi mzuri wa sura, naye simjui. Ya tatu, Billy Eckstine, bwana mtu mzima, suti, sauti nzito kama inatoka ndani ya mtungi. Wa zama za baba zetu! Nilisinzia nimekaa.

Nikarudi kwa Marhoon kugomba. Akasema kampuni kubwa huandikisha wengi, wanaovuma ni wachache, tena yeye aliniambia nisikilize. Mtu huyu hana adabu.

Alhamisi, 10 Desemba

Sidab, baada ya alasiri. Wanawake sebuleni, mie na gramafoni yangu ya betri nyuma ya pazia. Nikamweka yule Mzungu. Mtu akakohoa. Halafu sauti ikauliza huyo anasema nini.

Kiingereza changu kiliishia darasa la sita. Lakini nawajua watu wangu, wimbo usio na fumbo kwao si wimbo. Nikasema anamwambia jirani yake aache kuchungulia masufuria ya watu.

Vigelegele! Bi Mahbuba, jirani wa mlango wa pili, akainuka kutunza. Akacheza taratibu, noti juu, akasimama mbele ya Bi Masouda hasa, akajitikisa, ndipo akaja kuipenyeza noti chini ya pazia. Loh! Kumbe wawili hawa hawasemeshani tangu Idi, kisa sufuria la biriani. Nilisikia sinia likianguka, kisha maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nilitolewa kwa mlango wa jikoni, gramafoni kichwani. Aliya alikuwepo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nadhani ananipenda.

Ijumaa, 11 Desemba

Dawa nimeipata. Nikamwombe radhi Bi Masouda na Supremes mkononi. Baada ya sala nilimwendea Aflah, nikamwambia tubadilishane, moja yake kwa tatu zangu. Akaziangalia, akaniuliza kama nna hakika. Nikamwongezea na pakiti ya sindano mpya za gramafoni. Nimemzidi akili, maskini!

Kabla ya kwenda kwake nilimpiga yule mzee Eckstine mara moja, kumuaga tu. Sijui nini kilinipata. Niliiona sebule yetu ya Shangani, madirisha wazi, mama anatunga asumini, baba amevua kofia, anafuatisha wimbo asioujua maneno. Nikazima. Mtu mwenye mipango hakai kulilia sahani.

Jumapili, 13 Desemba

Nimefika Sidab kwa Bi Masouda, kanzu imepigwa pasi, Supremes kwapani. Mlangoni nikaisikia sauti ile nzito. Ndani, Aflah kakaa mkekani, gramafoni yake mbele yake. Bi Masouda kajifunika uso kwa kanga, analia.

Akaniashiria nikae, ninyamaze. Wimbo ulipokwisha akaeleza. Marehemu mumewe, Bwana Ishaq, alikuwa na sahani za mtu huyu nyumbani kwao Vuga, Unguja. Kila Ijumaa alasiri yeye anakaanga visheti, mumewe anaweka sahani, anamvuta wacheze kuizunguka meza, na mikono yake imejaa unga. Mwaka sitini na nne walitoka na bunda la nguo tu. Bwana Ishaq alifia njiani, hakuiona Maskati. Miaka sita Bi Masouda hakuisikia sauti hii, akadhani imebaki kule na nyumba. Hakuuliza hata kidogo wimbo unasema nini.

Na mie nililia. Wallahi nililia kweli. Kisha nikasema sahani hii ni yangu! Bi Masouda akauliza, kama yangu, mbona imefika kwa mkono wa Aflah? Nikaeleza. Akapangusa macho, akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Akamwambia Aflah alete wazee wake Alhamisi.

Aliya alileta kahawa. Safari hii hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu, 14 Desemba

Sikulala, lakini nimefikiri. Bi Masouda kasema kweli, na kosa langu sasa nalijua. Nilitaka wanawake walie au wapigane, kumbe watu wanataka kucheka!

Marhoon kapata sahani mpya. Nyota ile ile, ramani ile ile. Soupy Sales. Anasema huyu ni mchekeshaji wa watoto kwenye televisheni ya Marekani. Mchekeshaji, Motown! Nimempa Supremes yangu, kanipa huyo Soupy. Bi Mahbuba ana binti, Hind, na Bi Mahbuba ndiye mwanamke pekee aliyewahi kunitunza.

Marhoon aliniuliza kama nataka kuisikiliza kwanza. Nikamwambia mie mtoto wa Shangani.