Farasi Mia na Hamsini kwa Giaboksi Moja

Jumapili, 30 Julai

Baada ya misa shemeji Orval, kaka wa mke wangu Marlys, alisimama kwenye ngazi za kanisa kama askofu. Akatangaza kwamba pikapu yake itashindana kuvuta sleji la chuma, lile buruzo zito la kupimia nguvu za magari, kwenye maonyesho ya kaunti. Watu wakapiga makofi. Kwa pikapu ya gia za mkono, yenye kutu kuliko rangi! Nikasema na mimi nitashindana. Watu wakacheka. Sikuona kichekesho. Pikapu yangu ni dizeli, otomatiki, viti vya ngozi. Hakuna dereva wa maana kaunti nzima, mbali na mimi.

Marlys akanikumbusha kwamba pikapu hiyohiyo ndiyo itakayovuta trela lake la kuuzia kolache, vile vimkate vitamu vya kujazwa, siku hiyo. Ataoka mia sita, za plamu na za mbegu za popi. Nikamwambia atulie.

Jumanne, 1 Agosti

Kwa fundi Arlene Prochaska. Mwanamke mfupi, vidole kama koleo. Nilitaka nguvu za farasi mia na hamsini zaidi kwenye injini. Yeye alitaka tuanze na giaboksi: rejeta kubwa ya kupooza mafuta yake, klachi ngumu zaidi ndani, geji ya joto. Ndipo tuongeze nguvu, tena kwa kuonja.

“Bwana Leland,” akasema, “injini ni mdomo, giaboksi ni tumbo. Ukizidisha tonge bila kupanua tumbo, utatapika.”

Mawaidha matamu. Kazi yenyewe wiki tatu. Maonyesho ni wiki ijayo! Nikamshukuru sana, nikaenda zangu, nikaagiza mwenyewe chipu ya kuiongezea injini nguvu.

Alhamisi, 3 Agosti

Chipu imefika. Ndogo kama pakiti ya sigara. Ngazi tano za nguvu. Karatasi inasema ngazi ya kwanza ni ya kuvuta trela, ya tano ni kwa gari lililoimarishwa giaboksi tu. Karatasi hizi huandikwa na waoga.

Nikaweka tano. Nikakanyaga kwenye barabara ya kokoto, mahindi kulia, mahindi kushoto. Mama yangu wee! Moshi mweusi ukamfunika Bi Vlasta, jirani yetu, pamoja na mashuka yake yote kwenye kamba. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia kijivu kinampendeza.

Jumamosi, 5 Agosti

Kuna kijambo. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini inanguruma na gari linatafakari. Halafu harufu ya mkate ulioungua. Marlys akauliza ni nini. Nikasema ni Bi Vlasta, mzee yule, husahau jiko.

Arlene akanikuta kwenye pampu ya dizeli. Akauliza niko ngazi ya ngapi. Nikajibu ya kwanza. Akainama, akanusa chini ya gari. “Mwongo wewe.” Akaniamuru niichomoe chipu kabla ya kufunga trela. Sikupenda alivyonusa. Mbele za watu!

Jumamosi, 12 Agosti

Siku ya maonyesho. Kolache mia sita nyuma, Marlys kando yangu, aproni mpya. Ningeweza kushusha hadi ngazi ya kwanza. Nilikusudia, kwa kweli. Lakini Orval akatupita karibu na kilima cha daraja, akapunga mkono. Mpungo ule wa dharau! Nikaiacha tano.

Katikati ya kilima injini ikapiga kelele kama nguruwe na gari likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma. Mafuta mekundu ya giaboksi yakatiririka lami yote. Marlys akaruka, akatia jiwe chini ya gurudumu. Akaketi ukingoni mwa barabara, akavua aproni.

“Miaka tisa nimeomba nafasi ya kuuzia langoni mwa maonyesho, Leland. Ikifika saa sita sijafungua, anapewa mwingine.”

Jibu nilikuwa nalo, ila lilimhusu mtengenezaji wa chipu.

Orval akageuza. Akalifungua trela kwenye pikapu yangu, akalifunga kwenye kutu lake, akampakia dada yake. Hata hakunicheka. Akachungulia dirishani tu: “Shemeji, kivuli kile pale. Kaa.”

Marlys akafungua saa sita kasoro dakika nne. Orval alipomaliza kulipanga trela, zamu yake ya sleji ilikuwa imepita. Aliposikia jina lake likifutwa, akala kolache. Nilijisikia vibaya mno. Karibu saa nzima.

Jumanne, 29 Agosti

Arlene amemaliza. Rejeta kubwa, klachi ngumu, geji, kila kitu alichosema tangu mwanzo, na hakuchoka kunikumbusha kwamba alikisema tangu mwanzo. Chipu ameibakiza kwenye ngazi ya kwanza. Akaniapisha.

Marlys ameanza kunisemesha tena. Jana alisema, “Sogea.”

Nimeendesha hadi mjini na kurudi. Gia zinaingia kama kisu kwenye siagi. Nimekuwa mtu mwingine, mtulivu, mwenye kupima mambo. Na nilipoyapima nikagundua jambo la kusikitisha: giaboksi hii sasa ina nguvu kuliko injini. Ni uonevu.

Nimeagiza turbo ya kuisukumia injini hewa na nguvu zaidi. Kubwa kuliko zote walizonazo. Inafika Alhamisi. Marlys nimemwambia ni feni ya jikoni.