Taarifa ya Wiki Nane za Kuvuka Bwawa kwa Upana

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba, mwenye magoti mawili yaliyochoshwa na miaka thelathini ya kupiga vigae kwenye sakafu za watu. Mheshimiwa Mama, Mlezi wa Mradi na mmiliki halali wa beseni la kufulia. Mheshimiwa mdogo wangu wa kike, Kiongozi wa Kambi ya Upinzani, ambaye naona ameanza kucheka kabla sijaifikia hoja. Stuli, taulo, na wadau wengine wote mliohudhuria kikao hiki hapa sebuleni: nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi, Mratibu, Msemaji na Mnufaika Pekee wa Mradi wa Kuboresha Uogeleaji wa Mtindo Huru kwa Ngazi ya Awali. (Makofi. Ya Mkurugenzi mwenyewe.)

Mtakumbuka kwamba daktari alimwagiza Mgeni Rasmi atembee ndani ya maji mara tatu kwa wiki, la sivyo magoti yake yatagoma kupanda ngazi kabla ya mwaka kwisha, na mtakumbuka kwamba Mgeni Rasmi, mtu asiyewahi kuingia kwenye maji yanayopita kifundo cha mguu, alitamka akiwa kwenye kiti hicho hicho: "Siku binti yangu atakapovuka bwawa kwa upana, mita kumi na mbili, nami nitaingia." (Baba: "Nilisema. Sikatai.") Kauli hiyo ndiyo iliyouzaa mradi huu, na ndiyo maana leo mnasubiri neno moja tu kutoka kwangu, nami, kwa mujibu wa desturi za uongozi, nitalichelewesha.

Katika awamu ya kwanza, ofisi yangu ilifanya upembuzi yakinifu wa tatizo la kichwa, ikabaini kwamba mwogeleaji anayeanza hukiinua kutafuta hewa, na kichwa kikipanda kiuno huzama, kiuno kikizama miguu hufuata, na mwenye miguu huifuata miguu yake. Mkakati uliopitishwa ni uso kutazama chini, pumzi kutolewa polepole majini, kisha bega ligeuke na mdomo uchungulie pembeni kama jirani mmbea nyuma ya pazia. Zoezi hili limetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne ndani ya beseni la Mlezi. (Mama: "Wiki nane sijafua kwa raha! Kila nikilitaka beseni, nakuta kichwa cha mtu!" Kicheko.) Naupokea mrejesho huo chanya.

Awamu ya pili ilihusu viungo vya pembeni. Nililala kifudifudi juu ya stuli hii nikapiga mapigo elfu tisa mia mbili na kumi, kiwiko juu, kiganja kikitua mbele ya bega, miguu ikipiga kutoka nyongani na si magotini kama ya mwendesha baiskeli. (Mdogo wangu: "Dada, ulivunja glasi mbili ukampiga na paka teke!") Hizo ni nguvu za mpigo, Mheshimiwa, na bwawani hakuna glasi.

Sipendi kujisifu, ila leo nitajilazimisha. Nimesoma. Mtu akiniuliza kwa nini mwili huelea, nitamweleza saa nzima mpaka atamani kuzama. Bega langu nimelichora daftarini kwa rangi nne. Hata kocha, mwanamke mvumilivu wa maneno machache, alikiri kwamba hajapata mwanafunzi mwenye maswali mazuri kama yangu; kisha akauliza la kwake: "Hicho chuma utakiachia lini?" Swali hilo bado liko kwenye kamati. (Baba, akiinama mbele: "Chuma gani?") Nakuja huko, Mgeni Rasmi, nakuja.

Kwanza tuitikie kwa pamoja. Uso! (Mama na mdogo wangu: "Chini!") Bega! ("Geuka!") Pumzi! ("Toa!") Chuma! (Hakuna aliyefundishwa kiitikio.)

Kwa kuhitimisha, naushukuru uongozi wa bwawa kwa bomba la chumba cha kubadilishia nguo, ambalo kila Jumatano na Jumamosi limenilowesha nywele na taulo, nikarudi kwenu nikichuruzika kama mtu aliyevuka. Nakishukuru chuma cha ukingoni, nilichokishika siku ya kwanza kwa dakika kumi na moja, maji yakiwa kifuani, nisikiachie. Nikapanda juu, na tangu hapo sijarudi majini. Mita zilizovukwa ni sifuri. Baba, mradi niliokusomea haupo bwawani, haukuwahi kuwapo. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hata mdogo wangu hacheki.)

(Baba: "Mwanangu, kila ulipotoka na lile taulo, nilikuwa naomba usivuke.")

(Mama: "Kumbe nimeolewa na mwoga nikazaa mwoga! Kesho asubuhi mnaingia wote wawili. Nitakaa hapo ukingoni niwaone.")

Hoja ya Mlezi imepita bila kupingwa. Utekelezaji ni kesho saa tatu, upande wa maji ya kifuani, hatua moja tu kutoka kwenye chuma: nitamshika mkono Mgeni Rasmi, au yeye atanishika mimi, hilo itifaki haijaliamua.