Ombi la Kuufuta Mji wa Saint-Orval

Ndugu Mhariri wa jarida la chama chetu cha waendesha pikipiki, Brno, Ucheki,

Natumaini hujambo, nawe umeshapona mgongo. Kwa heshima naomba mji mdogo wa Saint-Orval, Ufaransa, ufutwe katika orodha yetu ya mahali pa kula. Nilisimama hapa nipate tonge moja nikielekea baharini. Leo ni siku ya nane.

1. Jiko hufungwa saa saba na nusu mchana. Ukichelewa, hata ukiwa unazimia, ni kesho. Ndiyo sababu nililala hapa.

2. Waendesha pikipiki wa huku wakikupita hukunyooshea mguu. Nilidhani ni teke, nikawakunjia ngumi kwa kilomita mia mbili. Kumbe ndiyo asante yao ya kupishwa.

3. Huchagui chakula. Nilimwuliza kwa vidole mwenye mkahawa, Bi Solange, kuna nini. Firmin, dereva wa lori aliyejifunza Kicheki akifanya kazi kwetu Ostrava, alinitafsiria jibu kabla hajaondoka: "Mzee, hapa si harusini. Kaa, ule!" Na uma ni huohuo tangu saladi hadi jibini. Niliuacha kwenye sahani chafu, nikarudishiwa mkononi kama mtoto.

4. Hili ndilo kubwa. Kifaransa alikijua marehemu mke wangu, Jarmila. Mimi nina kikaratasi chake tu: maneno tisa, na sentensi moja aliyokuwa akiisema katika kila mkahawa, "Mume wangu hali figo." Figo zilipoletwa, nikakionyesha. Wote wakageuka kutazama mlangoni, wakidhani mke wangu yuko nje. Bi Solange akaandaa sahani ya pili, ya supu, akamngoja mama aingie. Sikuwa na neno la kusema kwamba alifariki Februari. Supu ikawa inapoa. Nikala zote mbili.

Tangu hapo kila mchana ni sahani mbili. Koti langu la ngozi halifungiki tena. Juzi mwoka mikate alinipa keki ya mama. Jana fundi alimkazia mama kiti cha nyuma cha pikipiki yangu. Kuondoka kimya ni utovu wa adabu, kueleza siwezi, na nikibaki nitapasuka. Ufuteni mji huu asije akanaswa mwingine.

Wasalimu wote hapo karakana, hata Vojta aliyesema sitafika mpakani.

Mwanachama mwenzenu,
Otakar Hruška

Nyongeza: Msiufute. Kabla sijaituma barua hii, Firmin amepita tena, nikamwomba anisemee. Bi Solange akanichapa kwa kitambaa cha vyombo: "We mzee, wiki nzima namwekea mama wa watu supu, nawe unanitazama tu!" Kisha akalia, akanivuta jikoni, akanipa kisu. Bahari itaningoja hadi Jumatatu, haijawahi kuhama. Kumenya viazi hakuhitaji Kifaransa, na mtu akitokwa machozi karibu na vitunguu, hakuna anayemtaka aeleze.