Mtaalamu wa Sumu, Soko la Laare

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Nimeacha ubroka wa miraa. Nimepata kazi ya akili. Kuna mashine mtandaoni ya kusaidia waliopatwa na sumu. Hakuna mtu upande wa pili. Unaandika umri, uzito na kilichomwingia mgonjwa, nayo inakuambia akae nyumbani au akimbizwe hospitali. Ni bure. Watu wa Laare hawajui kwamba ni bure.

Nimeweka meza na mwavuli mkabala na agroveti ya Naftaly, duka la dawa za kilimo. Kibao: KIOGORA, MTAALAMU WA SUMU. Naftaly ametoka, akakisoma polepole, akaniuliza nilisomea wapi. Nikamjibu elimu siku hizi iko hewani. Akasema hewani kuna mengi. Mke wangu Kajuju ameuliza kama mtaalamu atarekebisha zizi la mbuzi.

Jumanne, 8 Aprili

Mteja wa kwanza. Vincent, mfungaji wa miraa, ameingiwa na unga wa dawa jichoni. Mashine imesema aoshe kwa maji safi yanayotiririka, bila haraka. Akaosha, akaona. Ameniita daktari mbele ya watu. Naftaly amefunga dirisha.

Baada ya hapo, kimya. Watu wa hapa hawapatwi na sumu kwa kasi inayofaa. Itabidi niuze dawa pia.

Jumatano, 9 Aprili

Mchuuzi kutoka Siakago ameniletea dumu la dawa ya wadudu. Halina lebo. Amesema lebo ndiyo inayopandisha bei. Jambo moja tu: hakulishika. Alilisukuma kwangu kwa mguu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepulizia miraa yangu mwenyewe, majirani waone. Bila glavu. Glavu zinauzwa na Naftaly. Pampu imevuja mgongoni. Harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza.

Sasa ni adhuhuri na shamba limenyamaza. Nyuki hawapo. Ndege hawapo. Kuku wa Kajuju wamelala chini ya miti ya miraa, vichwa vyote upande mmoja.

Giza linaingia. Jua naliona pale utosini, lakini haliangazi, kama taa iliyofunikwa blanketi. Nimemuuliza Kajuju kama mvua inakuja. Anasema hakuna hata wingu. Ameenda kuteka maji.

Jasho. Mate yananitoka kama mtoto anayeota meno.

Nimefungua mashine. Jina la sumu? Nikaandika sijui. Dalili? Nikaandika zote. Imejibu kwa maandishi mekundu: vua nguo zilizolowa, nenda hospitali sasa hivi. Lakini njia ya hospitali inapita mlangoni kwa Naftaly. Nikafuta, nikaanza upya. Nikaandika: sabuni ya kufulia, kidogo. Hapo ikajibu vizuri sana. Jisuuze, upumzike. Nimechagua jibu la pili.

Mikono inaruka yenyewe. Herufi zinatembea

Jumamosi, 12 Aprili

Niko hospitalini. Kajuju amenisimulia. Alinikuta sakafuni, simu ikisoma kwa sauti tulivu ya kike: "Je, mgonjwa anapumua?" Alidhani kuna mwanamke nyumbani. Alimtafuta kwanza nyuma ya pazia. Kisha akaona rangi ya midomo yangu.

Alijifunga mifuko ya plastiki mikononi, akanivua nguo, akaniosha kwa sabuni, akampigia Naftaly kwa sababu ana gari. Naftaly alikuja amevaa glavu. Alibeba na lile dumu, ndani ya mifuko, madaktari walione. Njiani alinipiga kofi kila nilipofumba macho. Kajuju anasema alifanya hivyo kwa wema. Sina uhakika.

Nilichomwa sindano juu ya sindano. Mdomo ukakauka kama gunzi. Giza likaondoka, mwanga ukaja mwingi kupita kiasi. Ndipo kuku wakaingia wodini. Wakapanda kwenye chuma cha kitanda, wakasimama kimya, wakinitazama. Nilimwomba muuguzi awafukuze.

"Mzee, hapa hakuna kuku," akasema kwa upole. Lakini alipoondoka, alikwepa mahali walipokuwa.

Daktari amesema ni zile sindano zilizonionyesha kuku. Amesema pia kwamba ningechelewa kidogo tu, ningeacha kupumua.

Leo Kajuju amelia bila sauti. Sijawahi kumwona hivyo. "Baba Munene," akasema, "ulitaka nimwambie nini mtoto?" Nilimshika mkono mpaka akasinzia kwenye kiti.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Niko nyumbani. Kuku wamezikwa, na miraa haichumwi mpaka afisa wa kilimo aseme. Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa kemikali. Mtaalamu wa kweli hurudi kwenye vitu vya asili.

Mvua imeotesha uyoga nyuma ya choo. Mweupe, laini, kama masikio ya watoto. Hakuna mdudu hata mmoja aliyeugusa, kwa hiyo ni safi. Nitauuza Karurumo, ambako hawanijui, lakini kwanza niupike mwenyewe.

Kajuju na Munene wako kanisani. Sufuria inachemka. Nimeitumia mashine picha ya uyoga. Imesema haiwezi kuthibitisha, nisile. Nimeusogeza kwenye mwanga mzuri zaidi, nikapiga nyingine. Safari hii imeuliza kama niko peke yangu.

Nimetazama huku na huku. Nimejibu ndiyo.

Nimeonja. Chumvi inatosha.