Reli ya Jikoni hadi Sebuleni

Jumatatu, 7 Machi 1994

Mzigo wa mwanangu Jairo umefika kutoka Mbeya, na barua juu yake. Mkewe Beatrice amehamishiwa kazi hapa Tukuyu. Jumamosi anakuja kuishi kwetu, yeye na mtoto. Mjukuu wangu Lusungu! Ana miezi kumi na sijamshika hata kidole.

Mzigo wenyewe: mabati matatu mapya, mbao nane za mbili kwa mbili, misumari ya bati. Natakiwa kutengeneza paa la chumba cha wageni, linavuja. Likiwa bado linavuja, anaandika Jairo, Beatrice atamchukua mtoto arudi naye kwa baba yake huko Kyimo.

Kwa Ambindwile! Seremala yule anayetangaza barabarani kwamba hata banda lake la kuku halivuji. Mjukuu wangu akulie kwake, aamke kwa sauti ya randa, amwite yule babu? Haiwezekani.

Nimemwambia mke wangu Esnath kwamba paa ni kazi ya nusu siku. Mimi ni mtu wa reli, miaka ishirini na sita. Esnath akanikumbusha kwamba nilikuwa nakata tiketi. Kweli. Lakini dirisha langu lilitazamana na karakana. Nilisoma ufundi wote kwa macho.

Jumanne, 8 Machi

Esnath kaenda Masukulu msibani, atarudi Ijumaa. Kabla ya kuondoka aliniuliza mara tatu nitaanza lini paa. Nikajibu mara tatu.

Nimeegemeza ngazi ukutani. Nimepanda vipawa viwili. Hapo likanijia swali zito kuliko paa: nani ataniletea chai?

Kwa mila yetu mkwe na baba mkwe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia migombani. Kanisani vijana wanasema hayo yamepitwa na wakati. Mimi ni Mkristo safi, lakini sitamtazama mke wa mwanangu usoni akinimiminia chai. Na Esnath siku hizi ana kwaya kila alasiri. Basi nife kwa kiu ndani ya nyumba yangu!

Jirani yangu Methusela kaja kuazima nyundo. Mwalimu mstaafu, alipangiwa kazi huku kutoka Moshi akanogewa. Huyu anakula meza moja na mkwe wake. Wanataniana! Nimewaona kwa macho yangu, kupitia uani. Akanishauri ninunue chupa ya chai, maduka yamejaa siku hizi, zipo hata zenye maua. Nikamwambia ndivyo soko huria linavyotuua: taifa zima limeacha kufikiri, linanunua. Wametupunguza kazini, viwanda vinafungwa, na jibu letu ni chupa yenye maua! Akasema hotuba hiyo anaisikia tangu akiwa na nywele. Akaondoka na nyundo.

Nimeteremka. Ngazini sirudi leo. Jiko letu liko uani, juu kidogo ya nyumba. Dirisha lake linatazamana na dirisha la sebule. Mteremko mzuri kabisa, mita tisa.

Reli!

Jumatano, 9 Machi

Kazi tangu alfajiri, kwa jiwe badala ya nyundo. Mbao nne za Jairo ni reli, mbili ni nguzo, mbili nimezikata vipande vya kukingama chini ya reli. Mataruma! Jamani, neno hilo pekee limenirudishia ujana. Ndala za Esnath zimetoa magurudumu manane. Injini nimeichonga kwa patasi kutoka mguu wa kitanda cha wageni. Kitanda kinasimama vizuri tu kwa matofali.

Mpango ni huu. Beatrice ataweka kikombe kwenye behewa, dirisha la jikoni. Treni itateremka kwa uzito wake mpaka kitini kwangu. Nikimaliza, napiga kengele, anavuta kamba, treni inapanda. Hakuna anayemwona mwenzake. Mila imehifadhiwa na chai ni ya moto. Nitaliandikia gazeti. Kichwa cha habari: Mstaafu wa Tukuyu Awaonyesha Njia.

Paa ni kesho.

Alhamisi, 10 Machi

Safari ya kwanza. Abiria: bakuli la maharage.

Sikuwa nimefikiria breki. Treni iliingia dirishani kama imetumwa. Maharage kwenye shati, kwenye redio, kwenye picha ya harusi yetu. Esnath pichani sasa ana ndevu. Methusela alikuwa kaegemea ua wake akitazama yote. Kauliza kwa heshima kubwa kama treni hii ni ya haraka au inasimama vituo vyote. Nimempuuza. Nimefunga kipande cha kandambili nyuma kiwe breki. Safari ya pili, uji: umefika bila kumwagika hata tone!

Kisha mvua. Mvua ya Tukuyu haiombi ruhusa. Kufikia saa tisa mbao zimevimba, treni imenasa katikati ya uwanja, na uji unajaa maji badala ya kupungua. Hapa ndipo nilipogundua kosa. Kosa si langu. Reli yoyote inayopita nchi ya mvua lazima iwe na paa.

Na mabati ninayo matatu!

Ijumaa, 11 Machi

Mabati matatu yamekaa juu ya reli kama yalizaliwa hapo. Yamepungukia kidogo upande wa jikoni. Nimeongeza moja la nne. Nimelitoa pale paa la chumba cha wageni lilipokuwa linavuja, kwani bati linalovuja lina faida gani pale? Uani litafaa.

Esnath karudi saa nane. Kasimama uwanjani akatazama reli. Akaingia chumbani akatazama mbingu. Akatoka akaniuliza kwa upole, Baba Jairo, ndala zangu ziko wapi? Upole ule ulinitisha kuliko kelele. Nimemweleza mfumo wote, kuanzia mteremko mpaka kengele. Akasema kesho mkwe atalala wapi, ndani ya treni?

Nimepanga ndoo tano na sufuria mbili chini ya tundu. Ukitazama kwa haki, tatizo ni la mvua.

Jumamosi, 12 Machi

Wamefika! Nilikaa nyuma ya gazeti, wazi kurasa zote mbili, mpaka Beatrice alipopita kuelekea jikoni. Kisha Esnath akaniletea mtoto. Ana paji la uso la ukoo wetu. Akashika injini, akaitia mdomoni, akakataa kuiachia. Mtu wa reli! Nikajifanya nakohoa.

Saa kumi nikapiga kengele ya kuomba chai. Chai imefika. Ya moto, kavu, chini ya bati, huku mvua inapiga! Nilisimama nikajipigia saluti.

Halafu nikasikia sauti ya Beatrice chumbani. Kwa mila hawezi kunisemesha, kwa hiyo alimsemesha mtoto, kwa sauti ya kutosha kufika Kyimo. Lusungu, mwambie babu chumbani kwetu kunanyesha kuliko nje. Mwambie babu kitanda chetu kina miguu mitatu. Mwambie babu kesho mchana tunamtengenezea paa kwa mikono yetu wenyewe, na tusipomaliza, basi la saa kumi la Kyimo linatufaa. Mwambie ndaga, asante kwa mapokezi.

Mtoto hakuniambia kitu. Lakini nilielewa.

Usiku huu mimi na Esnath tumewapa chumba chetu. Tumelala sebuleni, kichwa changu kwenye kituo cha mwisho.

Jumapili, 13 Machi

Baada ya ibada Beatrice kafunga khanga kiunoni, kaweka misumari mdomoni, kapanda juu ya paa. Binti wa Ambindwile! Kabla ya kupanda alikuwa amebomoa reli yangu yote. Mabati manne, mbao za reli, nguzo, kila kitu kimekwenda juu. Nami niko ndani, siwezi kutoka kumzuia, kwa sababu nikitoka nitamwona. Mkwe anatembea juu ya kichwa changu na mimi niko chini ya meza, kwa heshima.

Nimemtuma Methusela kama mjumbe. Nilimwambia amfikishie maneno manne tu: reli ni maendeleo, binti. Dakika mbili baadaye namsikia anamshikia ngazi na kumsifia misumari! Amemrudishia hata nyundo yangu. Msaliti.

Saa nane na nusu Methusela kaenda kula. Esnath kaenda kwaya, kaniachia mtoto. Lusungu yuko sakafuni, anaisukuma injini, injini haina pa kwenda. Akanitazama. Mdomo ukaanza kutetemeka. Niseme nini kwa mjukuu wangu? Kwamba babu alikuwa na reli?

Hapo nikatazama dirishani. Ngazi imeegemea ukutani, peke yake. Nimepita karibu nayo wiki nzima bila kuiona! Miti miwili mirefu, sambamba, imenyooka. Vipawa kumi na vinne vimekingama, vimeachana sawasawa.

Reli na mataruma. Tayari kabisa!

Nilifumba macho, kwa heshima, nikatoa mikono dirishani, nikaivuta ndani taratibu. Inatosha kutoka kitini kwangu hadi mlangoni, na hapa ndani hakuna mvua. Lusungu anacheka mpaka anaanguka.

Nyundo imenyamaza juu. Paa limekwisha, nadhani. Halivuji. Nilisema ni kazi ya nusu siku.

Nimesikia honi ya basi la Kyimo. Limepita. Hawajaondoka!

Kuna sauti juu ya bati. Inamwambia Lusungu amwambie babu arudishe ngazi. Inarudia, kwa nguvu zaidi. Mtoto hajaanza kusema, kwa hiyo mpaka sasa sijapata taarifa yoyote rasmi. Natafuta msumeno niikate ngazi, nianze na kona ya kwanza ya reli.