Mgongo Wangu Umepata Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo umeamka kabla yangu. Mwaka wa tatu huu. Moto unaanzia kiunoni, unashuka nyongani, unakaa hapo kama mgeni asiyeaga. Juzi nimenyoa wateja nimekalia kigoda kirefu. Mwenye duka la vyuma ameondoka na kisogo chenye ngazi. Hajarudi. Wala ndugu zake.

Vidonge nimemeza. Mazoezi nimepewa: lala chali, inua goti, hesabu ishirini. Nikifika saba usingizi unanichukua.

Kesho kliniki ya maumivu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa lori, naye anaupeleka mgongo wake. Mke wangu anamhurumia yeye zaidi. Amempa mto wa kuegemea. Mto wangu!

Jumanne, 4 Machi

Daktari ni mama mpole, anaongea kama anayesoma barua. Alitushikia uti wa mgongo wa plastiki, akatuonyesha neva ndogo pembeni mwa pingili. Hizo ndizo huenda zinapeleka maumivu. Zinaweza kuunguzwa kwa sindano ya joto, mtu akapata nafuu miezi mingi. Lakini kwanza sindano ya majaribio, ya ganzi tu, nguvu yake saa chache. Kila saa uandike kwenye karatasi maumivu ni namba ngapi, sifuri hadi kumi, huku ukiendelea na shughuli zako.

Nimeelewa kuliko alivyosema. Hapo ndipo wanapochuja watu. Aliyepona kwa sindano ndogo, nani atampa kubwa? Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sifichi. Nitaongeza.

Shemeji sijamwambia. Kila mtu na mgongo wake.

Alhamisi, 6 Machi

Tumedungwa asubuhi. Kifudifudi, mashine ya picha juu yangu, shuka ya watu mdomoni. Saa nne nilikuwa dukani.

Maumivu hayapo! Nimenyoa vichwa vitano nimesimama wima. Nilikuwa nimesahau utosi wa watu unavyoonekana kutoka juu. Chanuo lilianguka, nikainama, nikaliokota. Nikaliangusha tena makusudi. Mteja akauliza kama namtania. Nikaliokota tena.

Halafu karatasi. Saa tano: kumi. Saa sita: kumi. Saa saba: kumi na moja. Kinyozi hajinyoi, lakini kujiandikia namba hakukatazwi.

Saa kumi jioni moto ukarudi mahali pake. Shemeji akapita. Nikachungulia karatasi yake: mbili, moja, moja, mbili. Maskini. Kajichongea mwenyewe. Nimempa pole kwa moyo mweupe. Hakujua ya nini.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji kapangiwa kuunguzwa Jumanne ijayo.

Mimi nimeambiwa nirudi kwenye mazoezi. Daktari kasema kwa utaratibu kabisa kwamba, kwa kuwa ganzi haikunisaidia hata chembe, neva zile si chanzo, na kuziunguza ni kunisumbua bure. Itabidi watafute kwingine. Nikatazama ukuta. Nikatazama mfano wa plastiki. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kando yangu, akauliza kama nina la kusema.

Nikasema nilidanganya. Kwamba siku ile nilikuwa sifuri, sifuri tupu, nimeokota chanuo mara mbili.

Daktari akaweka kalamu chini. "Sasa nitajuaje lipi ni la kweli?"

Mke wangu akasema njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu haifiki hata mlangoni. Kisha akamwomba daktari kwa adabu, mimi nimeinama kama mwanafunzi. Nimepewa jaribio la pili, tarehe 25. Mke wangu ndiye atakayeandika.

Njiani alitembea hatua kumi mbele yangu. Kuliko hivyo, afadhali mgongo uniume.

Alhamisi, 20 Machi

Shemeji kaja dukani. Alipounguzwa bado panamuuma kidogo, ila kateremka garini bila kushika mlango. Nilimnyoa nimekalia kigoda. Kanieleza kwamba aliulizwa, akajibu. Basi. Ndiyo mbinu yake yote.

Nimeitafakari mchana kutwa. Lazima kuna kitu ananificha.

Jumanne, 25 Machi

Nimegundua kosa langu! Namba zilikuwa kubwa mno. Wanataka ndogo.

Kliniki saa mbili na nusu. Mke wangu kaenda kunawa, kaniachia karatasi. Nikaona nimpunguzie kazi. Saa tano: sifuri. Saa sita: sifuri. Nikaendelea hadi saa kumi, mwandiko mzuri, nikampelekea muuguzi na tabasamu.

Muuguzi akaisoma. Akanikumbusha kwamba bado sijadungwa.

Nikamwambia saa yao ya ukutani iko nyuma.

Karatasi ikachanwa. Nimedungwa, nafuu imekuja kama mara ya kwanza, Mungu ni shahidi. Karatasi mpya iko kwenye mkoba wa mke wangu, na kalamu pia. Kila saa ananiuliza, ananitazama machoni, ndipo anaandika. Sijui anaandika nini. Ameifunika kwa mkono.

Nimemwoshea vyombo. Nimemsifia gauni. Nimemwita malkia, mara mbili mbele ya jirani.

Ameniuliza natafuta nini. Nimesema sitafuti kitu, malkia.