Naomba Mninyang'anye Ushindi Wangu

Kwa Bi. Lorraine Treloar,
Mwenyekiti, Mashindano ya Hadithi Fupi na Mashairi ya Wilaya,
Merrigal, Queensland.

Mheshimiwa Bi. Mwenyekiti,

Baada ya salamu na kukutakia mvua, nakuandikia kwa masikitiko makubwa kulalamikia zawadi ya kwanza mliyonipa. Kwa miaka kumi na moja nimeleta hadithi, nanyi kwa miaka kumi na moja mmezitupa kwa uaminifu usio na dosari. Hatukuwa na ugomvi. Mwaka huu, bila onyo lolote, mmenipa ushindi. Madhara yake ni haya:

1. Mlinipigia simu asubuhi ya kazi, mume wangu Merv akiwa juu anazoa majani kwenye mifereji ya paa. Niliposikia neno "mshindi" nikapiga yowe. Merv akadhani nyoka kaingia jikoni. Aliteremka ngazi kwa makalio, akakamata sepetu, na kitu cha kwanza alichokiona kimejikunja mlangoni akakikata vipande vitatu. Kilikuwa mpira wetu wa kumwagilia bustani. "Nimemuua, Noelene!" akapaza sauti. "Nimeshinda, Merv!" nikamjibu. Tukakumbatiana, kila mtu akishangilia lake.

2. Jaji wenu aliandika gazetini kwamba nimebuni "mama mkwe mwenye roho ya kutu, ambaye hawezi kupatikana duniani." Anapatikana. Anaitwa Enid, ana miaka themanini na minane, anakaa chumba chetu cha nyuma, na gazeti hulisoma lote akianzia matangazo ya vifo. Nilijiandaa kutukanwa. Nilijiandaa hata kuhama. Badala yake alivaa lulu zake, akaomba apelekwe saluni, akatangaza mbele ya vichwa sita vilivyolowa maji: "Yule mchawi ni mimi. Mnaotaka saini, pangeni foleni." Kinyongo chake ni kimoja tu, kwamba kwenye hadithi nilimuua kwa kupaliwa na pai. "Mwanangu, nimezika waume wawili na misimu mitatu ya ukame, halafu unanimaliza na pai? Hadithi ijayo nataka fahali." Sasa kila tukikaa mezani ananipa njia mpya ya kufa kwake, na Merv hawezi kula.

3. Siwezi kununua nyama. Nikiingia buchani watu wote wanakaa kimya wasije wakaandikwa, isipokuwa jirani yetu Kev, ambaye anataka sana kuandikwa. Ananivizia getini kila siku: "Noelene, nilishakwambia ile ya kangaruu na trekta?" Ameshaniambia mara tisa, na kila mara trekta inazidi kuwa kubwa.

4. Hili ndilo hasa. Miaka yote hii nimeshindwa pamoja na rafiki yangu Dulcie Hannaford, mtunga mashairi ya kondoo. Siku ya matokeo hukaa sisi wawili kwenye duka la mikate, tukaagiza keki mbili za chokoleti na nazi, tukawasema nyinyi mpaka wenye duka wanafunga. "Wale majaji," Dulcie husema, "hawalijui shairi hata likiwauma kisigino." Zilikuwa saa tamu kuliko zote za mwaka wangu. Mwaka huu nilikaa peke yangu. Dulcie hakuja. Simu hapokei. Juzi aliniona dukani, akajificha nyuma ya magunia ya chakula cha kuku. Niliiona kofia yake, nikajifanya sikuiona. Siku ile nilikula keki zote mbili, Bi. Mwenyekiti, wala sikusikia utamu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mninyang'anye ushindi hadharani, na kama kuna fedheha kidogo ya kuongezea msinibanie. Zawadi apewe Dulcie. Kanuni zikikataa, basi tuangusheni sote wawili. Na kama hilo nalo litaleta manung'uniko, itangazeni wilaya nzima kuwa mshindi, na mifugo yake, pasibaki mtu wa kujificha nyuma ya magunia.

Nisalimie wanakamati wote, mkutubi, na yule bwana anayepanga viti. Jaji naye nisalimie, ingawa ndiye chanzo.

Wako niliyefikwa na ushindi,
Noelene Pascoe (Bi.)

Tanbihi: Nilikuwa natafuta stempu Dulcie akaingia jikoni bila kubisha, macho mekundu. Ni wiki tatu sasa tangu shairi lake lipate zawadi ya kwanza katika mashindano ya jimbo jirani, aliyoyaingia kwa siri, na hakujua atanitazamaje usoni. "Nilidhani utanichukia," akasema. Nikampa barua hii. Aliisoma hadi mwisho, akanipiga nayo kichwani. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Zawadi yangu siirudishi. Tumecheka tangu saa nne, na shida iliyobaki ni kwamba hatuna tena wa kumsema. Kama unajua mashindano yoyote ambayo majaji wake hawajui kitu, tutumie fomu mbili.